Alama Moja ya Ushonaji

Jumamosi, saa mbili usiku. Nsajigwa ameshusha
shata la steshenari yake hapa Sinza Mori.
Mashine ya fotokopi bado ina joto la mchana,
na juu yake Gwamaka ametandaza fomu:
"Haya, Tunu. Wenzako wana watu wao. Wewe nani?"

Kidawa ni mchawi wa barafu, amechoka na jua la mji huu.
Nsajigwa ni mwizi wa vito, yeye ambaye
hajawahi kumpunja mteja hata shilingi hamsini.
"Mpiganaji," nasema.
Wananitazama: keshia wa duka la dawa,
kilo arobaini na nane, na miwani.

Alama sabini na mbili, huo ndio mtaji.
Ukimwongeza nguvu, umemnyima akili.
Ukimpa wepesi, pumzi inakata.
Hesabu hii naijua, ni ya kila mwisho wa mwezi:
kodi, luku, nauli,
na kilichobaki unakigawa tena.

Nsajigwa analipigia debe shoka la mikono miwili:
"Pigo moja, jitu chali!"
Kidawa anataka niue kwa upinde, nikiwa mbali, nisichafuke.
Mimi nauliza bei ya ngao,
ile kubwa, ya kuziba mlango.
"Ngao haiui, Tunu."
"Najua."

Tabata, miaka kumi na mitatu.
Dalali wa mahakama alivaa shati safi, alinukia sabuni.
Hakunisukuma. Alisema tu,
"Mwanangu, hebu tupishe kidogo."
Nikapisha.
Cherehani ya mama ikapita mbele yangu kichwa chini,
uzi mwekundu ungali kwenye sindano,
ukifunguka, ukifunguka,
mpaka kwenye kirikuu, mpaka barabarani.

Hilo sikuwasimulia.
"Mtu wangu anasimama mlangoni," nilisema. "Basi."

Uvumilivu kumi na saba. Nguvu kumi na nne.
Haiba saba, watoto watamkimbia.
Mkuki mfupi, deraya ya mtumba yenye tundu kwapani.
Jina: Komeo.

"Imebaki alama moja," anasema Gwamaka. "Itie kwenye ukaidi,
utakuja kuihitaji."
Naandika: ushonaji.
Soda inamtoka Kidawa puani.
"Atawashonea majitu kaptula?"

"Na udhaifu? Shujaa asiye na ufa simpokei."
Penseli inasita. Nje, pikipiki inapiga honi,
mtu anamtukana mtu, wanacheka.
Naandika kwa herufi ndogo:
akiombwa kwa upole, hupisha.

Saa nne na nusu tumefika Lango la Chumvi.
Nimejiandaa kwa jitu, kwa nyoka wa vichwa saba.
Anakuja kizee mmoja mfupi na karatasi mkononi,
nyuma yake wapagazi, na mkokoteni.
Gwamaka anasafisha koo:
"Binti, hebu tupishe kidogo."

Hakujua. Angejuaje?

"Rusha. Unahitaji kumi."
Dadu ya pande ishirini tunayo moja tu,
tunaazimana kama pasi ya mkaa.
Inaviringika, inagonga stepla,
inalala kando ya kikokotoo.
Tatu. Jumlisha sita za ukaidi.
Tisa.

"Ile alama!" Nsajigwa anashika kichwa. "Ile moja! Ushonaji!"
"Komeo amepisha," anasema Gwamaka,
na sauti yake imeshuka, sijui kwa nini.
"Wanaingia. Wanabeba. Wanaondoka."
"Wamebeba nini?"
"Kila kitu."

Feni inazunguka. Kidawa hacheki tena.
"Zamu yako imeisha?"
"Bado." Naichukua dadu, ina jasho la watu wanne.
"Komeo anatazama chini. Kuna uzi."
Gwamaka anapekua daftari lake. "Uzi upi?"
"Mwekundu. Umenasa kwenye gurudumu la mkokoteni,
unafunguka.
Anaweza kuufuata, Gwamaka.
Ana alama moja."